Kidirisha cha kuchapa kimekwama: programu ya michoro inangoja nini?

Kijana alinikuta barazani baada ya Adhuhuri, kompyuta ya mkononi iko kwapani, uso umekunjamana. "Ami," akaniambia, "hii programu ukibonyeza kuchapa, nenda kasali Alasiri, ukirudi utaikuta ndiyo kwanza inafunguka." Nikadhani anatia chumvi. Tukaiweka kompyuta juu ya mto, tukafungua AutoCAD, programu yake ya kuchorea majengo, na ndani yake mchoro wa nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, anayosaidia kuipima kabla haijakarabatiwa, akabonyeza Ctrl+P. Kishale kikageuka duara la buluu, duara likaanza kuzunguka. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika mia na kumi kidirisha kikachomoza kwa utulivu wake, utadhani hakijamchelewesha mtu.

Mjini alikuwa ameshapewa mashauri matatu: anunue kompyuta mpya, aongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, au aifute programu aiweke upya. Yote yangemla pesa au siku nzima, na hakuna hata moja ambalo lingemsaidia, kwa sababu katika zile sekunde mia na kumi kompyuta yake haikuwa ikifanya kazi yoyote. Ilikuwa inangoja.

Watu wengi hupotea hapo. Tukisema programu ni nzito, tunachanganya mambo mawili yasiyo na undugu. Kuna programu iliyolemewa na kazi, na kuna programu iliyokunja mikono ikingoja jibu kutoka kwingine: kwa printa, kwa seva, kwa mtandao, kwa folda ambayo haipo tena. Ukiwa mbele ya skrini hali zote mbili zinafanana. Duara linazunguka, dirisha linafifia na kuwa jeupe, wewe unaanza kubonyezabonyeza kwa hasira. Lakini boti lililokwama kwenye mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa halitoki kwa kufungwa injini ya pili. Linangoja maji yajae. Abiria wa Pate wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Mbele ya kompyuta sote tunakuwa wageni.

Njia ya kuzitenganisha hali hizo mbili ni ya bure. Kabla ya kugusa kile kinachokwama, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nini, ifunguke, uisogeze pembeni mwa skrini, kisha ulichokoze tatizo lako huku jicho likiwa kwenye safu ya prosesa (CPU). Ikiwa programu ya michoro inaonyesha sifuri au asilimia moja muda wote wa kukwama, basi inangoja. Ikiwa nambari imepanda na kusimama palepale, inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Na ikiwa prosesa imetulia lakini diski imefika asilimia 100, huenda RAM imejaa na Windows inahamishia vitu kwenye diski, jambo ambalo kwenye diski ya zamani inayozunguka ni msiba, na kwenye SSD, diski isiyo na kinachozunguka, ni usumbufu tu.

Ile nambari inayosimama palepale huwadanganya hata mafundi. Utaona programu inatumia asilimia 12 au 13, useme prosesa bado ina nafasi tele. Haina. Task Manager inagawanya asilimia 100 kwa nyuzi zote za prosesa, yaani njia zake za kufanya kazi kwa wakati mmoja, na ukiwa na nyuzi nane kila moja ina asilimia 12.5. Kazi nyingi za kuchora hufuatana, hatua ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kwisha, kwa hiyo uzi mmoja unatoka jasho na saba wanatazama, kama mafundi wanane kwenye ngazi nyembamba ya nyumba ya mawe: anayepanda ni mmoja. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, enzi ambazo prosesa ya kompyuta ya mezani ilikuwa na kiini (core) kimoja tu, na ingawa mengi yamebadilika tangu hapo, uchoraji wa mistari umebaki kazi ya foleni. Ukienda kununua kompyuta ya michoro, uliza kasi ya kiini kimoja kabla ya kuuliza viini viko vingapi. Muuzaji atakuonyesha idadi, kwa sababu idadi ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi: fungua mchoro mtupu, usio na hata mstari mmoja, ukijaribu kipengele kilekile. Kikikwama hata hapo, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye mipangilio ya programu. Kikifunguka mara moja, tatizo limo ndani ya faili, na huna haja ya kuigusa kompyuta.

Kwa yule kijana mchoro mtupu nao ulikwama, prosesa ikiwa sifuri. Basi tukaanza kutafuta ni nani asiyejibu.

Kidirisha cha kuchapa chenyewe hakichori kitu. Kinapofunguka kinaiuliza Windows ni printa zipi zilizopo, zinakubali karatasi za ukubwa gani, zinachapa rangi au nyeusi tu, na Windows inalifikisha swali kwa printa. Printa iliyounganishwa kwa waya na kuwashwa hujibu papo hapo. Printa ya mtandao wa ofisi iliyo mbali, nawe umekaa Lamu, haina wa kulipokea swali, na Windows si mwepesi wa kukata tamaa: inasubiri muda iliopangiwa, inauliza tena, ndipo inarudi na habari kwamba hakuna mtu. Kijana alikuwa amefanya mazoezi ya kazi kwenye ofisi moja ya bara, na plota (printa kubwa ya michoro) ya ofisi ile ilikuwa bado ndiyo printa ya kwanza kwenye kompyuta yake, miezi tisa tangu aage. Kila akibonyeza Ctrl+P, kompyuta ilikuwa ikiipigia hodi nyumba aliyoihama.

Dawa ilituchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Tuliingia kwenye mipangilio ya printa za Windows, tukaifuta ile plota, tukaifanya Microsoft Print to PDF kuwa printa ya kawaida, na tukazima ule mpangilio unaoiachia Windows ijichagulie printa yenyewe kufuatana na uliyoitumia mwisho. Hilo la mwisho usilipuuze. Ukiliacha, siku utakayochapa mahali pengine ugonjwa utarudi na hutajua umetoka wapi.

Kidirisha kikafunguka kwa sekunde mbili. Akataka kunishika mkono, nikamwambia angoje, tufungue mchoro wa mwenzake. Tukafungua, tukabonyeza ukurasa wa mpangilio ulio chini ya skrini, duara likarudi kuzunguka. Sababu ni kwamba kila mpangilio wa karatasi ndani ya faili la DWG, yaani faili la mchoro wa AutoCAD, huhifadhi jina la printa uliyopangiwa. Ukipokea faili la mtu, umepokea na printa yake. Kwa hilo unaandika amri ya PAGESETUP ndani ya programu, unaupitia mpangilio mmoja mmoja, na mahali pa printa unachagua None au DWG To PDF. Faili lenye mipangilio ishirini litakuchosha mara ya kwanza. Baada ya hapo limepona.

Ukiielewa printa, umeyaelewa magonjwa yote ya kungoja, maana yaliyobaki ni ndugu zake. Kidirisha cha kufungua faili kikichelewa, tazama kama kuna herufi ya diski ya mtandao, labda Z au P, inayoelekea kwenye seva ambayo hamuonani tena. Ikate. Kisha andika OPTIONS, nenda kwenye sehemu ya mafaili, ufungue orodha ya njia ambamo programu hutafuta vitu vyake. Kwenye kompyuta iliyopitia mikono ya watu wengi utakuta humo folda za ofisi tatu au nne. Programu inazipitia kwa mpangilio huo, juu hadi chini, kila inapokosa kitu. Ikikosa fonti moja ya SHX, aina ya herufi za AutoCAD, inazipitia zote. Ikikosa picha, inazipitia zote tena. Mchoro wenye fonti tatu zilizopotea, picha kumi na xref tano (michoro mingine iliyounganishwa kutoka nje) zilizobaki kwenye flashi ya mtu mwingine unaipigisha programu safari hizo kila unapofunguliwa, na folda moja iliyokufa katikati ya orodha inatosha kuifanya kila safari iwe ya kusubiri.

Kwetu huku mafaili husafiri kwa flashi na kwa WhatsApp, kwa hiyo ugonjwa huu ni wa kila wiki. Mtu anakutumia mchoro peke yake, ukuta mmoja umo na mwingine haumo, kwa sababu ule wa pili ulikuwa xref na umebaki kwake. Andika XREF uone orodha. Chochote kilichoandikwa kwamba hakikupatikana, ama kielekeze kilipo au kiondoe kabisa. Na wewe ukituma kazi kwa mtu, tumia amri ya ETRANSMIT. Inaufunga mchoro pamoja na fonti, picha na xref zake kwenye kifurushi kimoja. Ni adabu tu, kama kumrudishia jirani sahani ikiwa na kitu ndani.

Mtandao nao una tabia ya kushangaza, na ningependa watu wa visiwani waifahamu zaidi ya wengine. Intaneti isiyokuwepo kabisa mara nyingi ina nafuu kuliko intaneti ya kusuasua. Programu za siku hizi zikiwashwa hukagua leseni, huangalia akaunti yako, hujaza ukurasa wa kwanza habari na picha za mafunzo, na Windows yenyewe huenda ikauliza kama saini ya kidijitali ya mtengenezaji bado ni halali. Ukiwa huna mtandao hata kidogo, kosa linarudi mara moja na programu inaendelea na iliyonayo, ilimradi leseni yako haijapitisha muda wake. Ukiwa na vijiti viwili vya mawimbi vinavyokuja na kuondoka, kila swali linatoka, linafika nusu ya njia, na programu inaendelea kutumaini. Jaribu: iwashe programu Wi-Fi ikiwa wazi, kisha siku nyingine ukiwa umeizima, ulinganishe kwa saa. Kama tofauti ni kubwa, unaweza kuuondoa ule ukurasa wa kwanza kwa kuandika STARTMODE na kuweka 0. Ule ukaguzi wa saini nisingeuzima. Upo kwa faida yako.

Sasa tuje upande wa pili, pale ambapo prosesa imesimama kwenye asilimia zake 12 na haishuki. Hapa programu haina kosa. Sisi ndio tumeipa mzigo.

Nyumba niliyoitaja ina ukuta wa zidaka. Asiyewahi kuingia nyumba kama hizo aelewe kwamba zidaka ni matundu madogo ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa ndani, kila moja na ukingo wake uliochongwa. Kijana alipiga picha kidaka kimoja, akaipitisha picha kwenye programu inayogeuza picha kuwa mistari, akapata kidaka kizuri mno chenye vipande vya mkunjo karibu mia nne. Akakinakili mara sitini kujaza ukuta. Mia nne mara sitini ni elfu ishirini na nne. Kila akisogeza skrini, kila akigusa kitu, programu inavihesabu vyote, na kila kimoja inakiona kitu kipya ambacho haijapata kukutana nacho.

Angekifanya kile cha kwanza kuwa bloku kabla ya kukinakili, faili lingehifadhi mikunjo mia nne mara moja tu, kisha maelezo mafupi sitini: kimoja kiko hapa, kingine pale, hiki kimepunguzwa kidogo. Skrini ingebaki na kazi ya kuvionyesha vyote, ila faili lingekuwa dogo, kuhifadhi kungekuwa kwepesi, na akitaka kurekebisha ukingo angerekebisha mahali pamoja. Mafundi wa zamani waliojenga kwa chokaa na mawe ya matumbawe walikuwa na vipimo vyao vya kurudiarudia. Upana wa msana, kile chumba kirefu chembamba, unafuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti haitaki majadiliano. Nyumba yenyewe imejengwa kwa vitu vinavyorudiwa, na mchoro wake haukuwa na haja ya kuwa tofauti.

Lakini bloku ilitibu nusu tu. Nusu nyingine ni zile mikunjo mia nne. Nikamuuliza mchoro huu utachapwa kwa kipimo gani. Moja kwa hamsini. Kalamu yako ya ukingo ina unene gani? Milimita 0.18. Tukapiga hesabu: 0.18 mara 50 ni 9. Wino wa mstari mmoja kwenye karatasi yake unafunika milimita tisa za ukuta. Michoro ya kuchonga iliyoachana kwa milimita nne au tano, aliyoihangaikia usiku kucha, ikichapwa inakuwa doa moja jeusi. Tukakichora kidaka upya kwa mistari ishirini na tano kwa ajili ya 1:50, na kile cha mia nne tukakiweka kwenye faili lake, la 1:5, ambako kila mkunjo unaonekana na una kazi yake. Sijui kama alinisamehe siku ile. Kidaka cha kwanza kilikuwa kizuri kweli.

Kwenye kuta zilizokatwa, zile nene za karibu nusu mita, alikuwa ametia mchoro wa kujazia wa mawe. Kila akiita amri ya HATCH programu ilikwama kabla hata hajachagua ukuta. Hapo mambo mawili yalikuwa yanakutana. La kwanza, kipimo cha mchoro wa kujazia kilikuwa kimewekwa kwa mita na nyumba imechorwa kwa milimita, kwa hiyo programu ilikuwa inataka kujaza ukuta mmoja kwa vijiwe vidogo kuliko chembe ya mchanga. Kuna kikomo, HPMAXLINES, kinachosimama kwenye mistari milioni moja usipokibadilisha, na programu ilikuwa inakimbilia kikomo hicho kila mara. La pili, matoleo ya karibuni hukuonyesha matokeo kabla hujabonyeza, kila kishale kinapopita juu ya eneo. Ukiandika HPQUICKPREVIEW ukaweka 0, maonyesho hayo yanakoma. Na kabla ya kujazia, sogeza skrini karibu na ukuta unaoutaka, halafu zigandishe leya (matabaka ya mchoro) usizozihitaji, kwa sababu programu inapotafuta mpaka inakagua kila kinachoonekana. Nimesema zigandishe, sikusema zizime. Leya iliyozimwa haionekani lakini programu inaweza kuendelea kuishughulikia inapojenga mchoro upya. Iliyogandishwa inaachwa kabisa.

Dalili nyingine ya faili lililobeba mzigo ni Ctrl+C. Unanakili mstari mmoja, programu inaduwaa dakika. Mstari hauna hatia. Unaponakili, programu inaandika faili dogo la muda, na ndani yake inatia pamoja na mstari wako baadhi ya takataka za mchoro mzima: orodha ya vipimo iliyozaana hadi maelfu, aina za mistari zilizoingia na mafaili ya DGN ya programu nyingine ya kuchora, majina ya programu ndogondogo zilizowahi kuugusa mchoro huo tangu ulipozaliwa. Haya huambukizwa kwa kunakili na kubandika, kutoka mchoro hadi mchoro, na yule aliyeyaanzisha huenda alikuwa nchi nyingine. AUDIT kwanza ili makosa yarekebishwe, kisha PURGE ya kawaida, kisha -PURGE yenye kistari mbele ukachagua R kwa yale majina ya programu, kisha -SCALELISTEDIT na kuirudisha orodha ya vipimo kama ilivyokuwa mwanzo. Ukiona mistari imerudiwa juu ya mistari, OVERKILL inaiondoa, ila fanya hivyo kwenye nakala. Nimeona faili la nyumba ya vyumba sita likishuka kutoka megabaiti tisini hadi nne, na hakuna ukuta uliopotea.

Kuna kisa kimoja ambacho huwashinda hata wazoefu, kwa sababu hakionekani kwenye skrini. Mpima ardhi anakuletea mpaka wa kiwanja kwenye UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, kanda ya 37 kusini, ambayo ndiyo yetu sisi na wenzetu wa Malindi. Kwa kanda hiyo mji wa Lamu unaangukia karibu na 711,000 upande wa mashariki na 9,749,000 upande wa kaskazini, kwa mita, maana kusini mwa ikweta hesabu inaanza na milioni kumi pale kwenye ikweta na kushuka. Unachora nyumba yako hukohuko, mbali na sifuri kwa karibu kilomita elfu kumi. Faili linahifadhi nambari kwa biti 64 na halina shida nazo. Kadi ya picha ndiyo yenye shida, kwa kuwa kwa kawaida hufanya hesabu zake kwa biti 32, na kwa biti 32 nambari zilizo juu ya 8,388,608 haziwezi kuachana kwa chini ya moja. Kwa maneno mengine, kadi haiwezi kutofautisha mita 9,749,000 na mita 9,749,000 na robo. Ukiwa umegeuza kuwa milimita mambo ni yaleyale: pengo kati ya nambari mbili linakuwa milimita 1,024, upana wa mlango na zaidi. Programu zina mbinu za kuikinga kadi na nambari hizo, lakini mbinu zikizidiwa ndipo unaona mistari inatetemeka, matao ya milango yanakuwa na meno, HATCH inakataa kuuona mpaka, na kusogeza skrini kunakuwa kama kuburuta dau kwenye tope.

Wengi hujaribu kutibu kwa amri ya UCS. Haisaidii. UCS inabadilisha mahali unapoanzia kuhesabu wewe. Nambari zilizohifadhiwa ndani ya faili hazisogei. Chora nyumba karibu na 0,0 kwenye faili lake, andika kwa maandishi ni kiasi gani umeitoa kwenye UTM, na faili la mpima ardhi liache kama lilivyo, bila kuligusa, maana siku ya ubishi wa mpaka ndilo litakaloulizwa.

Mengine ni madogo. Paneli ya leya ikichelewa, tazama kama SHOWLAYERUSAGE imewekwa 1. Ikiwa ndivyo, inakagua kila leya kama ina kitu kila inapofunguka. Ukichagua vitu elfu kumi huku paneli ya sifa ikiwa wazi, inaanza kukusanya sifa za vyote, basi ifunge. Programu ikikwama kila baada ya dakika kumi kwa kipimo, huo si ugonjwa, ni kuhifadhi kwa kujiendesha, nao usiuzime katika mji ambao umeme hauagi unapoondoka. Kompyuta ya mkononi yenye kadi mbili za picha huenda inatumia ile dhaifu bila kukuambia. Mipangilio ya skrini ya Windows inakuruhusu kuichagulia programu kadi yake. Ukitumia betri, Windows hupunguza kasi. Na joto: prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hewa yetu ya chumvi na vumbi la matumbawe huziba feni mapema kuliko kitabu cha maelekezo kinavyodhani. Kompyuta niliyoiweka juu ya mto siku ile, nilikosea kuiweka hapo.

Jambo moja usilichukulie kwa wepesi. Ukiona kwenye folda ya mradi faili linaloitwa acaddoc.lsp au acad.fas, wala hakuna mwenzako anayejua limetoka wapi, usifungue mchoro uliomo humo. Kuna virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya AutoCAD peke yake, na njia yake ya kusafiri ni hiyo: vinajificha kwenye folda ya kazi, programu inavipakia yenyewe unapofungua mchoro, vinajinakili kwenye folda inayofuata. Uzito usioeleweka, au amri zilizoacha kufanya kazi ghafla, ni miongoni mwa dalili zake. Ndiyo maana SECURELOAD, kinga inayozuia mafaili kama hayo yasipakiwe kutoka folda zisizoaminika, isiwekwe 0, hata mtu akikuambia kwamba ukifanya hivyo programu inawaka haraka.

Wiki mbili baadaye kijana alirudi, safari hii na wingu la nukta. Nyumba nzima ilikuwa imepigwa kwa skana ya leza, mamilioni kwa mamilioni ya nukta kwenye faili moja, na kompyuta yake ni ya RAM ya gigabaiti nane. Tukafungua Task Manager kama kawaida. Prosesa chini, diski asilimia 100, RAM imejaa hadi pomoni. Alinitazama akingoja nitaje amri. Sikuwa na amri ya kutaja. Kuna mzigo ambao chombo hakiwezi, na hakuna mpangilio wa programu unaoongeza ukubwa wa chombo. Tukaazima kompyuta kubwa ya rafiki kwa usiku mmoja, tukalikata wingu vipande, chumba kwa chumba: daka, tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na choo. Siku hizi anafungua kimoja, anakichora, anakifunga, ndipo anafungua cha pili. Kipande cha ndani, chenye zile zidaka, bado kinamsumbua, na amekwisha kuniuliza kama tunaweza kukikata mara mbili.